UZI: Mama mdogo alipimwa sukari bure, akapewa 14.6, akadhani ni namba ya foleni

Mwana wa Mwalo (mleta uzi)

Mwakeye wakuu wa Kigoma. Wa Ujiji, Gungu, Mwanga, Katubuka, na ninyi mliohamia Dar mkasahau samaki wetu mgebuka, karibuni. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Mama yangu mdogo anakausha dagaa Katonga. Umri wake ni "hamsini na kitu", kitu chenyewe hakuna anayekijua. Mwaka jana kikaja kikosi cha upimaji wa bure mtaa wa jirani: turubai, spika, vijana wa fulana nyeupe, presha na sukari bila malipo. Akaenda kwa sababu shoga yake alikuwa anakwenda. Wakamtoboa kidole, mashine ikasoma, kijana akaandika kwenye kikaratasi kidogo kama tiketi ya basi, akamwambia, "Mama, nenda hospitali." Basi. Akaitwa wa nyuma yake.

Kikaratasi kiliandikwa 14.6 na hakuna kingine. Hakina jina, hakina tarehe. Mama mdogo kusoma hajui sana, ila namba za pesa anazijua kuliko mimi. Alichoelewa ni kwamba huko hospitali foleni imeshapangwa na yeye ni wa kumi na nne. Akakifunga kwenye pindo la kanga, akakimbilia vichanjani maana mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Kongo, na dagaa wakinyeshewa mtaji umekwenda. Alipata nafasi kama wiki mbili baadaye. Akafika dirishani, akafungua pindo, akatoa kikaratasi. "Hii siyo ya kwetu mama, anza kwa kufungua faili." Hela ya faili hakuwa nayo, aliyokuwa nayo ni ya boda ya kurudia. Akarudi.

Miezi minane baadaye nimekwenda kumsalimia, nikamkuta mguu mmoja una ndala na mwingine umefungwa kitambaa. Alikanyaga msumari wa kichanja na hakusikia. Narudia wakuu, HAKUSIKIA. Aliona damu kwenye mchanga akatafuta nani kaumia. Alipogeuza mguu wake ndiyo akauona msumari umeingia.

Kidole gumba kimekatwa. Mguu umebaki, alhamdulillahi.

Sikuja hapa kuwalaumu wale vijana, walifanya walichotumwa. Ila nilimtafuta mmoja wao nikamuuliza: siku ile mliopima, wangapi walikutwa na sukari ya juu? Akanitajia bila kusita, ana ripoti. Wangapi kati yao walifika kliniki? Kimya. Orodha ya majina haipo, namba za simu hazikuchukuliwa.

Na kuna jambo la pili linaniuma. Upimaji ulifanyika saa nne asubuhi, kipindi cha giza, yaani siku ambazo usiku hauna mbalamwezi. Mtu wa bara hawezi kuelewa, lakini nyie mnaelewa. Siku za giza ndizo siku za ziwa. Mvuvi anaingia na taa jioni, anatoka alfajiri, saa nne yuko kitandani kama maiti, na wanawake wako vichanjani. Nani alikuwa kwenye foleni? Walimu, wenye maduka, na watu waliokuja na pikipiki zao kutoka mjini, ambao wana bima na hospitali wanaijua mpaka mlango wa nyuma. Wakasogeza wiki moja tu, ikaingia mbalamwezi, wangewakuta wavuvi wote wamekaa wanacheza bao.

Naomba mawazo. Mtaa wetu tunataka kufanya ya kwetu na sitaki tuishie kwenye vikaratasi.

---

Nesi wa Zamu

Pole sana ndugu yangu, na pole kwa mama. Nitajibu kitaalamu kidogo halafu nitasema la moyoni.

14.6 siyo ya kumwambia mtu "nenda hospitali" ukamwita mwingine. Kwa kawaida: ukipimwa hujala kwa saa 8 au zaidi, ikafika 7.0 kwenda juu, hicho ni kiwango cha kisukari. Ukipimwa muda wowote, umekula au hujala, ikafika 11.1 na una dalili zake (kiu isiyoisha, kukojoa usiku kucha, kukonda bila sababu), hapo daktari hana cha kusubiri. Kama huna dalili yoyote, kipimo kinarudiwa siku nyingine kabla ya kukubandika jina la ugonjwa. Kutoboa kidole ni kuchuja tu, kuthibitisha ni kazi ya kliniki. Kwa hiyo upimaji wa mtaani usio na mlango wa pili ni nusu ya kazi.

Kuhusu kutosikia msumari: sukari ikikaa juu miaka, inaua mishipa ya fahamu, na inaanzia miguuni. Mama huyo hakuugua siku ile ya turubai. Inawezekana ana miaka mitano au zaidi nayo. Kisukari cha ukubwani ndivyo kilivyo, kinakaa kimya.

La moyoni: kwa mtu anayeshinda pekupeku kwenye mchanga wenye misumari na miiba ya samaki, kumpima sukari bila kumwangalia miguu ni sawa na kufunga mlango ukaacha dirisha. Kuangalia miguu hakuhitaji umeme wala mashine. Unamgusa nyayo na kitu laini amefumba macho, anakwambia anasikia wapi. Dakika mbili.

---

Mha Mbishi

Mleta uzi pole, lakini tuseme ukweli. Kigoma hii malaria inatumaliza, maji ya bomba ya kubahatisha, mnataka kupima sukari? Huo ugonjwa wa wenye vitambi. Babu zetu walikula ugali wa muhogo na mawese wakafika miaka tisini.

---

Kasingirima Mmoja

@Mha Mbishi hao babu waliofika tisini unawahesabu wewe, waliokufa na "kurogwa miguu" hukuwahesabu.

---

Mzee wa Takwimu

Mha Mbishi hajakosea yote, ngoja nimsaidie. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti, Profesa McLarty na Profesa Swai wakiwemo, walipima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania. Kisukari hakikufika hata asilimia 1. Matokeo yalitoka 1989. Kwa hiyo mtu aliyesema enzi hizo kwamba sukari si tatizo la kijijini alikuwa na ushahidi mkononi.

Sasa njoo 2012. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ukaonyesha asilimia 9.1. Njia za kupima na watu waliopimwa havifanani, msizilinganishe kama bei za sokoni, lakini hakuna anayeweza kusema ni ugonjwa wa mabosi wa Posta tena. Shirikisho la kimataifa la kisukari lilikadiria watu wazima milioni 589 duniani kwa mwaka 2024, na wengi wao, zaidi ya wanne katika kila watano, wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati.

Ila nina mchanga wa kutia kwenye kitumbua chenu. Kule Uingereza, eneo la Cambridge, kulikuwa na utafiti uliochapishwa 2012. Walichukua watu zaidi ya 20,000 wa miaka 40 hadi 69 wenye dalili za kuwa hatarini, baadhi ya vituo vikawaita kuwapima, vingine havikuwaita. Baada ya takriban miaka kumi wakahesabu vifo. Hakuna tofauti. Kupima peke yake hakukuokoa watu.

---

Mwana wa Mwalo

@Mzee wa Takwimu shikamoo mzee. Sasa hapo unanivunja moyo au unanisaidia?

---

Mzee wa Takwimu

Marahaba. Nakusaidia. Wale Waingereza ambao hawakuitwa bado wana daktari wao wa mtaa, akienda kwa kikohozi anapimwa na sukari. Mama yako mdogo asipopimwa kwenye turubai atapimwa wapi? Atapimwa siku ya kukatwa kidole. Kwa hiyo siwezi kuyabeba matokeo yao nikayatua Katonga. Ninachochukua ni kimoja: faida, kama ipo, inatoka kwenye yale yanayofuata baada ya kidole kutobolewa. Wewe umeshaligundua hilo bila utafiti.

---

Bodaboda wa Gungu

Wakuu samahani natoka nje ya mada. Mimi nilipimwa kwenye duka la dawa nikaambiwa 108. Hapa mnaongelea 14 mtu kakatwa kidole. Mimi nina siku ngapi?

---

Nesi wa Zamu

😂 Kaka tulia. Mashine ziko za mizani mbili. Nyingine zinasoma kwa milimoli, nyingine kwa miligramu. Gawanya hiyo 108 kwa 18 unapata 6.0. Kama ulikuwa umekula, wewe ni mzima, endelea na kazi na uvae kofia ngumu. Hiyo 14.6 ya mama kwenye mashine yako ingesoma kama 263.

Lakini umeuliza swali la maana kuliko unavyodhani. Mtu anapewa namba bila kuambiwa ni ya mizani gani na ina maana gani. Mmoja anaona 108 analala na wosia, mwingine anaona 14.6 anasubiri kuitwa foleni.

---

Bibi wa Ujiji

Wajukuu zangu, mimi sukari ninayo mwaka wa kumi na moja sasa. Huku kwetu Ujiji wakati mzuri wa kuwapata watu ni Ramadhani, tumefunga, watu wametulia, jioni kila mtu yuko barazani anasubiri adhana. Mtupime saa kumi na moja jioni, si tumbo li tupu?

---

Nesi wa Zamu

Shikamoo bibi. Wazo zuri na nimelinukuu. Tumbo tupu tangu daku ni zaidi ya saa 8, kwa hiyo la kuchuja linafaa, kuthibitisha tutafanya asubuhi. Ila bibi wewe mwenyewe na wenzio mlio kwenye dawa, hasa glibenklamidi au insulini, msifunge kimyakimya. Sukari ikishuka saa tisa alasiri mtu anatetemeka, anatokwa jasho, anaweza kuzimia, na majirani watasema ni swaumu. Muone daktari mwezi wa Shaabani, dozi inapangwa upya au unaambiwa usifunge.

Na hizo futari... mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, kaimati, uji wa sukari, vyote sinia moja. Nisiseme mengi, nawaheshimu wapishi.

---

Bibi wa Ujiji

Marahaba mwanangu. Kaimati nimeacha. Mbili tu.

---

Mtoto wa Reli

Niko Tabora lakini nimezaliwa Mwanga, naruhusiwa? Mwanangu wa kike ana ile ya utotoni, ya kuchoma sindano maisha yote. Alianza kukojoa kitandani akiwa na miaka saba, tukamchapa (Mungu anisamehe). Halafu akaanza kutapika na kuhema haraka, duka la kwanza likampa dawa ya malaria, la pili likampa dawa ya malaria. Alipofika hospitali alikuwa hajitambui. Hakuna aliyewaza kumtoboa kidole kwa sababu "mtoto hapati sukari".

Insulini ambayo haijafunguliwa inataka baridi, nyuzi 2 mpaka 8. Friji sina. Nilielekezwa mtungi wa udongo ndani ya beseni la mchanga mbichi, chini ya kivuli. Haifikii friji ila inapoa kuliko ndani ya nyumba ya bati, na chupa iliyofunguliwa tunaimaliza ndani ya wiki nne. Sasa hivi yuko darasa la sita, ananishinda hesabu kwa sababu ya kuhesabu dozi.

---

Kasingirima Mmoja

Hongera kwa binti. Nyie Tabora mna historia ya dawa lakini. Livingstone alifika Ujiji Machi 1869 hoi taabani, akakuta mizigo yake imepukutishwa na dawa zake zimeachwa Unyanyembe, huko huko kwenu. Zaidi ya miaka 150 tunaambiwa dawa bado ziko njiani.

---

Mha Mbishi

Hapa nimecheka peke yangu kwenye daladala 😂😂

Lakini narudi kwenye hoja. Sawa, nimekubali sukari ipo. Mtampima mvuvi, mtamwambia anayo, halafu? Dawa atanunua na nini? 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, hakuna kuvua, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Miezi mitatu! Mtu hana hata hela ya unga, unamwambia ameze metformini, vile vidonge vya sukari, kila siku maisha yote. Huko si kumpa presha juu ya sukari?

---

Jirani wa Zahanati

Mha leo umeuliza swali zuri kuliko wote, na mimi hili ndilo linaloninyima usingizi. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nimepita mafunzo ya huu mpango ambao Dkt. Mpango, mtu wetu wa Buhigwe, aliuzindua akiwa Makamu wa Rais mwaka 2024.

Angalieni mtu wa CTC, kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI. Ana kadi. Ana namba. Tarehe yake ya kliniki imeandikwa sehemu mbili, na akikosa kuja kuna mtu anapiga simu, simu isipopatikana kuna mtu anabisha hodi. Dawa halipii. Imechukua miaka na fedha nyingi za nje kujenga hivyo, lakini ipo, Kigoma hii hii, kwa wavuvi hawa hawa wanaohama mwalo (ufukwe wa kushushia samaki) kila mwezi. Wa sukari akipotea hakuna anayejua kapotea. Nasikia kwenye mikutano "wavuvi hawafuatiliki". Kama hawafuatiliki mbona tunawafuatilia?

Kuhusu hela. CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu wasiozidi sita. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha, ila wapate utambulisho, na utambulisho unaanzia kwa mtendaji. Sheria ya bima kwa wote Bunge liliipitisha 2023, utekelezaji ndio tunautazama. Ushauri wangu: turubai lenu liwe na meza tatu. Ya kupima, ya kuangalia miguu, na ya mtendaji na mtu wa CHF na mihuri yao. Mtu aondoke na tarehe. Na mkikosa hiyo meza ya tatu, ahirisheni. Kweli kabisa, ahirisheni.

---

Mha Mbishi

Na msije mkawaambia watu waache ugali wa muhogo, mtafukuzwa na makasia.

---

Nesi wa Zamu

Hatuwezi kumwambia Mha aache muhogo 😄. Tunasema donge lipungue, maharage na matembele yaongezeke, mgebuka ale bila hofu, mawese yasiwe mchuzi wa kuogelea. Kubwa ni chai. Nimemuona mvuvi anakunywa chai ya vijiko vitano kwenye kikombe kimoja kabla ya kuingia ziwani, na soda akitoka. Ukianza na hiyo chai tu umeshafanya kazi ya miezi.

Mleta uzi, kitu kimoja cha mwisho kabla sijaingia zamu. Msikazanie kupima mtaa mzima. Vile vijiti vya kupimia ni ghali na vinaharibika haraka kopo likishafunguliwa. Anzeni na wa miaka 40 na kuendelea, wenye viuno vikubwa, wenye presha, wenye ndugu wa sukari, akina mama waliojifungua watoto wakubwa sana, na wanaoumwa TB, maana sukari na TB zinakaribishana.

---

Mwana wa Mwalo

Nimerudi wakuu, nilikuwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Matokeo:

Tumekubaliana tunasubiri mbalamwezi, na tunapima alfajiri mwaloni kwenyewe, kabla watu hawajanywa chai. Mganga wa zahanati kakubali kutoa asubuhi mbili, siku ya pili ni ya kurudia waliokutwa juu. Mtendaji anakuja na muhuri, kwa maneno yake, tutaona. Vijiti tuna vya watu themanini, tumechangishana. Kikaratasi hakuna, tumenunua madaftari ya kurasa 40, kila mwenye sukari ya juu anapewa lake limeandikwa jina, namba, mizani, tarehe ya kurudi, na tunamsomea kwa sauti mpaka airudie yeye.

Lililobaki lilikuwa la @Jirani wa Zahanati: nani atawafuata wakipotea? Yeye yuko peke yake na mitaa miwili. Tumekaa tumebishana, mmoja anasema tuwatumie meseji, mwingine anasema kijana wa boda alipwe.

Mama mdogo alikuwa amekaa pembeni kanyoosha mguu wake, anachambua dagaa, hata sikujua anasikiliza. Akasema tumpe yeye hiyo orodha, tumsomee majina tu. Tukaanza kusoma majina ya watu wa mwaloni kwa kujaribu, na kwa kila jina anataja anakaa wapi, akihama anahamia mwalo gani, na mke wa pili yuko wapi. Nikamuuliza amewajuaje wote hivyo.

Kasema nusu yao wana deni lake la dagaa, miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpotea.